Je, upande inakotoka miale ya kosmiki hubadilika kadiri muda unavyopita?

Swali la msomaji: "Nimesoma kwamba miale ya kosmiki huifikia Dunia kutoka pande zote kwa usawa. Kwingine nimesoma kwamba kuna pande zinazoleta zaidi, na kwamba hali hiyo hubadilika kwa saa na hata kwa miaka. Lipi la kweli? Na kama mabadiliko yapo, ni miale yenyewe inayobadilika au ni sisi tunaozunguka? Nina nia ya kutengeneza kifaa kidogo cha kuhesabu muoni, zile chembe zinazozaliwa miale hiyo ikigonga hewa ya juu. Je, nitaweza kuyaona mwenyewe?"

Ndugu muulizaji, yote mawili uliyosoma ni kweli, ila kila moja lina kipimo chake. Kwa chembe nyingi zinazotufikia, tofauti kati ya upande wa anga unaoleta zaidi na ule unaoleta pungufu ni kama moja katika elfu. Aliyehesabu chembe laki moja haioni tofauti hiyo, kwa kuwa bahati tu huyumbisha hesabu yake kwa zaidi ya hapo. Aliyehesabu mabilioni anaiona waziwazi. Kwa hiyo vitabu vinavyosema "pande zote kwa usawa" havidanganyi, vinakadiria tu.

Swali lako la pili ndilo zito, na nakuomba uliweke hivi: kabla ya kuuliza kama upande umebadilika, uliza umebadilika kwa saa ipi. Kuna saa ya Jua, kuna saa ya nyota, na kuna mzunguko wa Jua lenyewe wa miaka 11 na ule wa 22. Kila chanzo cha mabadiliko huacha alama kwenye saa yake, na kazi yetu kubwa ni kutochanganya alama hizo.

Kwanza tuondoe dhana moja. Miale ya kosmiki, licha ya jina lake, si mwanga. Ni chembe, nyingi zikiwa protoni, na zina chaji ya umeme. Uga wa sumaku ulioenea kati ya nyota huzipinda njia yote. Protoni yenye nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) trilioni 10 huzunguka katika uga huo kwa duara ambalo nusu kipenyo chake ni takribani mara 700 ya umbali kati ya Dunia na Jua. Kwa vipimo vya galaksi hicho ni kiduara kidogo sana, na kabla ya kutufikia chembe imekwishazunguka hivyo mara nyingi mno hata haikumbuki ilikozaliwa. Kwa hiyo "upande inakotoka" maana yake si mahali pa chanzo. Tunachokiona ni mtiririko wa polepole wa umati mzima wa chembe, pamoja na umbo la uga wa sumaku ulio karibu nasi.

Sasa tuanze na saa ya Jua. Vituo vinavyohesabu nyutroni, ambazo nazo huzaliwa miale ikigonga hewa, na ambavyo asili yake ni kifaa alichobuni John Simpson mwaka 1948, huona kila siku wimbi, yaani hesabu kupanda na kushuka, la karibu nusu ya asilimia. Hizi ni chembe za nishati ndogo, kama elektronivolti bilioni 10, na zinaburutwa na upepo wa jua (mkondo wa chembe unaotoka kwenye Jua daima) na sumaku iliyomo ndani yake. Jua linapojizungusha, sumaku hiyo huzunguka nalo, na kwenye umbali wa Dunia muundo wake unakwenda kwa takribani kilomita 400 kwa sekunde. Dunia katika mzunguko wake inakwenda kilomita 30 tu kwa sekunde. Hivyo chembe zinazofuata mwendo huo wa sumaku hutupita kutoka nyuma, na upande huo wa nyuma ndio unaokuwa juu yetu saa 12 jioni. Kituo chenyewe kinaweza kuonyesha kilele mapema zaidi, mchana, kwa sababu sumaku ya Dunia hupinda njia za chembe mwishoni. Ukiondoa mpindo huo, jibu ni jioni.

Na hapa ndipo mabadiliko ya kweli yanapoanza. Scott Forbush, aliyefuatilia vipimo kwa miongo kadhaa, aliona kwamba saa ya kilele haibaki pale pale. Ncha za sumaku za Jua hupinduana kila baada ya miaka 11 hivi, kwa hiyo hali hurudi ilivyokuwa baada ya miaka 22. Ncha zikiwa katika mpangilio mmoja, chembe huteremkia ndani ya mfumo wa Jua kupitia maeneo ya ncha, na zikiwa katika mpangilio wa pili huingia zaidi kwa kufuata usawa wa ikweta ya Jua. Matokeo yake ni kwamba katika vipindi vya utulivu wa Jua vya karibu na miaka ya 1954, 1976 na 1996, kilele kilisogea kuelekea saa 9 alasiri, na katika vipindi vya katikati yake kikarudi jioni. Hayo si sisi tunaozunguka. Ni mtiririko wa chembe wenyewe uliobadilika upande, na chanzo chake kinajulikana.

Panda sasa hadi elektronivolti trilioni kadhaa. Huko sumaku ya Jua haina nguvu tena ya kuziburuta chembe, na wimbi la saa ya Jua linageuka kabisa: kilele kinahamia saa 12 asubuhi. Arthur Compton na Ivan Getting walieleza sababu yake mwaka 1935. Anayekimbia mvuani hulowa kifua kuliko mgongo, na upande unaokuwa juu yetu alfajiri ndio kifua cha Dunia katika safari yake ya kulizunguka Jua. Kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, ziada inayotarajiwa ni karibu asilimia 0.05. Ilichukua hadi mwaka 1986 ndipo Cutler na Groom wakaionyesha bila utata, kwa kuhesabu muoni chini ya ardhi. Mimi naiheshimu sana athari hii kwa sababu ya kazi yake ya leo: ukubwa wake na saa yake vinajulikana kabla ya kupima. Kifaa kinachodai kuona mambo ya galaksi lakini hakiioni Dunia ikitembea hakijakomaa.

Umeuliza kama ni sisi tunaozunguka. Kwa wimbi la asubuhi, ndiyo, ni mwendo wetu. Na hata wimbi la galaksi, ambalo nalifikia sasa, kifaa hulipata kwa sababu Dunia inakigeuza kila siku kuelekea pande tofauti za anga. Anga imesimama, kifaa ndicho kinachopita mbele yake.

Saa ya galaksi ni saa ya nyota. Nyota hurudi mahali pale pale angani kila baada ya saa 23, dakika 56 na sekunde 4, ndiyo maana huchomoza mapema kwa karibu dakika 4 kila siku. Mwaka una siku za Jua 365.24 na siku za nyota 366.24. Tofauti ni siku moja tu kwa mwaka mzima, kwa hiyo asiyepima angalau mwaka mmoja kamili hawezi kuzitenganisha saa hizi mbili. Hata akipima mwaka kamili bado kuna mtego. Wimbi la saa ya Jua hupanda na kushuka kwa majira, na hali ya hewa ya juu nayo hupanda na kushuka. Wimbi la Jua lenye kubadilika kwa majira huzaa kivuli cha uongo hasa kwenye saa ya nyota, na mtu akaita galaksi kitu ambacho ni joto la anga tu.

Dawa yake ilitolewa na Farley na Storey mwaka 1954, nami naiona kuwa miongoni mwa hoja nzuri kuliko zote katika fani hii. Kivuli hicho cha uongo hakizaliwi peke yake, huzaliwa pacha: kimoja kwenye siku 366.24, kingine kwenye siku 364.24. Sasa, hakuna kitu katika maumbile chenye saa ya siku 364.24 kwa mwaka. Ukiona wimbi pale, umeona uongo mtupu, na ukubwa wake unakuambia ni kiasi gani cha uongo kimejificha pia kwenye saa ya nyota. Nikisoma madai yoyote kwamba upande wa miale umebadilika baina ya miaka fulani, hapo ndipo ninapotazama kwanza. Pasipokuwa na wimbi kwenye saa hiyo ya bandia naendelea kusoma. Pakiwa na wimbi kubwa, basi.

Baada ya kuchuja hivyo, kinachobaki ni ramani ya kweli. Kwa nishati ya trilioni chache, kuna eneo pana lenye ziada na eneo pana lenye upungufu, kila moja kwa kiwango cha moja katika elfu. Mwaka 2006 timu ya Tibet ASγ, yenye vihisio vilivyotandazwa kwenye nyanda za juu za Tibet, ilichapisha ramani ya anga ya kaskazini inayoonyesha hivyo. Ndani ya kazi hiyo mlikuwa na jambo jingine ambalo kwangu ni kubwa zaidi. Jua linazunguka kitovu cha galaksi kwa kasi ya takribani kilomita 220 kwa sekunde. Kama miale ya kosmiki ingekuwa imesimama huku sisi tunaipita, tungeona ziada ya karibu theluthi ya asilimia upande wa mbele. Haikuonekana. Maana yake miale inazunguka galaksi pamoja nasi, ikiwa imeshikwa na uga wa sumaku wa eneo letu. Mwaka 2008 kituo cha Milagro huko New Mexico kilionyesha pia madoa madogo ya ziada, ya nyuzi 10 hivi, na moja kati yake liko karibu na upande wa mkia wa heliosfia (puto la upepo wa jua linalotuzunguka), yaani ule upande ambako upepo wa jua unaburuzwa nyuma Jua likikata gesi ya kati ya nyota. Kusini, IceCube, kifaa kilichozikwa barafuni kwenye Ncha ya Kusini, ilikamilisha upande wa pili wa ramani kwa muoni bilioni 792 zilizokusanywa kati ya 2011 na 2023.

Je, ramani hiyo ya galaksi inabadilika mwaka hadi mwaka? Hapa palizuka ubishi wa kweli. Mwaka 2009 Milagro walichapisha vipimo vya miaka saba, 2000 hadi 2007, vikionyesha kwamba eneo la upungufu lilikuwa likizidi kuwa pungufu kadiri miaka ilivyopita. Habari hiyo ilistahili kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu katika miaka hiyo Jua lilikuwa likishuka kutoka kilele chake kuelekea utulivu. Kama heliosfia ina mkono katika kuiunda ramani, mabadiliko ya namna hiyo yangetarajiwa. Lakini Tibet ASγ, kwa nishati inayokaribiana na hiyo na kwa miaka ya 1999 hadi 2008, hawakuyaona. Kifaa cha chini ya ardhi cha Matsushiro, Japani, kilichopima kwa zaidi ya miaka 20 kwa nishati ndogo zaidi, nacho hakikuonyesha ongezeko hilo. AMANDA, kifaa kilichoitangulia IceCube pale pale, na IceCube kwa pamoja, kuanzia 2000 hadi 2012, waliiona ramani ya kusini ikiwa imetulia.

Uamuzi wangu ni kwamba, kwa nishati ya trilioni kadhaa na zaidi, ramani ya galaksi imetulia kwa muda wote ambao binadamu ameweza kuipima vizuri, nao ni miongo michache tu. Nakupa pia sababu moja ya kufikiri hivyo. Jua linakwenda kwa takribani kilomita 26 kwa sekunde kupitia gesi inayolizunguka, yaani kwa mwaka mmoja linasogea mara tano na nusu ya umbali wa Dunia hadi Jua. Kile kiduara cha protoni ya trilioni 10 kina nusu kipenyo cha mara 700. Tunahitaji zaidi ya karne moja ili tusogee kiasi hicho, na kabla ya hapo hatuna sababu ya kutarajia kwamba sumaku ya jirani itawapangia protoni hao sura mpya. Kwa protoni ya trilioni moja hesabu hiyo hiyo inatoa miaka 13 hivi, na hapo ningependa sana kuona vipimo virefu, ingawa kwa nishati hiyo heliosfia inaingilia kati na kuichafua picha.

Kuna kosa moja ambalo ni rahisi mno kulifanya, na linafanana kabisa na mabadiliko ya wakati. Ramani hubadilika kwa nishati. Kati ya elektronivolti trilioni 100 na 300 sura yake inageuka: eneo la ziada linafifia na kuibuka upande mwingine, karibu na upande wa kitovu cha galaksi. Basi fikiria kifaa kinachozeeka, vihisio vyake vikipoteza uwezo kidogo kidogo, na nishati ya chini kinayoweza kuihisi ikapanda bila mtu kugundua. Kifaa hicho kitaonyesha anga ikibadilika mwaka hadi mwaka, na hakuna kilichobadilika ila kifaa.

Mabadiliko ya haraka yapo, nayo ni ya Jua. Mlipuko juu ya Jua unaweza kurusha chembe zinazofuata nyuzi za sumaku zilizopindika kama hesi, na zikatufikia si kutoka Jua lenyewe bali kutoka upande ulio kama nyuzi 45 magharibi mwake. Tarehe 20 Januari 2005 chembe za mlipuko mmoja zilikuja kwa mkondo mwembamba hivi kwamba baadhi ya vituo vya Antaktika viliona ongezeko kubwa mno kwa dakika chache, ilhali vituo vingi vya kwingineko viliona kidogo na kwa kuchelewa. Wingu la sumaku likirushwa kuja kwetu, chembe za kosmiki hupungua Dunia nzima, ndiyo ile hali yenye jina la Forbush. Saa kadhaa kabla ya wingu kufika, mtandao wa vifaa vya muoni ulioenea mabara mbalimbali unaweza kuona upungufu katika upande mmoja mwembamba, ule unaotazama wingu kwa kufuata uzi wa sumaku. Huu ndio utumizi wa mwelekeo wa miale ulio karibu zaidi na mahitaji ya watu, na unastahili vituo vingi kuliko vilivyopo.

Jua lina alama nyingine pia, kivuli chake. Jua na Mwezi huzuia miale, kila kimoja kikiacha tundu la nusu nyuzi. Tundu la Mwezi limetulia, limesukumwa tu kando kidogo na sumaku ya Dunia. Tundu la Jua, ambalo Tibet ASγ walilifuatilia kuanzia 1996 hadi 2009, hufifia Jua linapochachamaa na kurudi kukolea linapotulia, kwa sababu sumaku iliyo karibu na Jua huvuruga njia za chembe zinazopita pale.

Kuhusu chembe zenye nishati kubwa kuliko zote, nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ni chache mno kuruhusu maswali ya mwaka hadi mwaka. Kituo cha Pierre Auger nchini Argentina, kilichotandazwa kwenye kilomita za mraba 3,000, kilitangaza mwaka 2017 kwamba juu ya elektronivolti trilioni milioni 8 kuna ziada ya asilimia 6.5, na upande wake uko kama nyuzi 125 kutoka kitovu cha galaksi. Hizo hazizaliwi humu ndani, zinatoka nje ya galaksi yetu. Historia ya kituo hicho inafundisha jambo moja. Mwaka 2007 kilionyesha kwamba chembe kubwa kabisa, 20 kati ya 27, zilitoka karibu na galaksi zenye viini vilivyochachamaa. Kufikia 2010 chembe zilikuwa 69, na sehemu iliyolingana ilikuwa imeshuka hadi asilimia 38. Anga haikubadilika katika miaka mitatu hiyo. Idadi ndogo iliwapa mwanzo wenye bahati, na wao wenyewe wakaendelea kuhesabu na kuchapisha walichokipata.

Nije kwenye kifaa chako. Muoni hutua kwa kiwango cha karibu moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Ukiwa na bamba la sentimita za mraba 1,000 utahesabu kama milioni 1.4 kwa siku, na bahati itakuyumbisha kwa chini kidogo ya asilimia 0.1. Wimbi la saa ya Jua kwa muoni wa ardhini ni la ukubwa wa moja au mbili katika elfu, kwa hiyo ukijumlisha miezi michache kwa kuipanga kwa saa za siku litajitokeza. Kwa mwaka mzima idadi itakutosha hata kwa saa ya nyota. Kitakachokushinda si idadi, ni hewa. Kila hektopaskali moja ya shinikizo la hewa ikipanda hupunguza hesabu kwa sehemu ya kumi ya asilimia au zaidi, na joto la anga ya juu nalo lina sehemu yake, ambayo kipimajoto cha mezani hakiwezi kukuambia. Rekodi shinikizo pamoja na kila hesabu tangu siku ya kwanza, kwa sababu huwezi kulirudia baadaye.

Kama unaweza, tengeneza viwili badala ya kimoja. Kimoja kiinamishe mashariki, cha pili magharibi, kwa pembe ile ile, kisha fanya kazi na tofauti kati yao. Mabadiliko ya hewa huvigusa vyote viwili karibu sawasawa, na katika kutoa yanafutana. Mwelekeo wa miale ndio unaobaki. Panga tofauti hiyo kwa saa ya Jua, kisha kwa saa ya nyota, kisha kwa ile ya siku 364.24. Na wakati unasubiri mwaka ukamilike, fuatilia taarifa za milipuko ya Jua: upungufu mkubwa wa Forbush, wa asilimia kadhaa ndani ya siku moja, utauona kwenye hesabu zako bila hesabu ngumu yoyote, mradi umekwisha kuondoa athari ya shinikizo la hewa.